Fungu la Holger

"Hivi Femia, mumeo hufanya kazi gani hasa?"

Swali hilo Targelia wa dukani alimuuliza Eufemia miaka mingi iliyopita, akimpimia sukari, kidole gumba kikiwa kimelala juu ya sahani ya mizani. Eufemia akajibu kwamba mumewe anaandika. "Najua anaandika, jirani. Hata wanangu wanaandika. Mimi nauliza kazi." Eufemia alichukua sukari yake akaenda zake. Tangu mwaka huo mumewe, Colón Yagual, hakukosa kumwachia Targelia mizani mpya kwenye wosia wa kejeli wa mwisho wa mwaka, na Targelia hakukosa kucheka kuliko watu wote.

Colón hakuwa na mwajiri, wala hakuwahi kuwa naye. Baada ya chakula cha mchana Eufemia alipangusa meza, na kitambaa cha plastiki kikiwa bado na majimaji Colón alifungua daftari la shule akaanza. Kwa sehemu kubwa ya mwaka alikuwa mtu wa barua: maombi ya maji yaendayo manispaa, maneno ya wake kwa waume walioko Hispania, matangazo ya misa za marehemu yanayosomwa redioni saa kumi na mbili asubuhi. Lakini Novemba ikiisha, na kipupwe kikikaribia (kipupwe kwetu ni mvua tu, maana jasho halipungui), kazi zilimjia kwa fujo. Chama cha waendesha guta, zile baiskeli za mizigo za magurudumu matatu, kilitaka hotuba ya Krismasi. Duka la viatu lilitaka tangazo lenye Wafalme Watatu ndani yake. Padri alitaka beti za novena, sala za siku tisa kabla ya Krismasi, usiku mmoja ubeti mmoja, na asiseme tena kwamba punda alikuwa na njaa, maana mwaka jana watoto walicheka. Watoto wasiojua kuandika walikuja na mama zao kumwandikia Mtoto Yesu, na Colón aliwauliza kwa uso mkavu kama baiskeli wanayoitaka ni ya kupanda au ya kuringia.

Na zaidi ya yote kulikuwa na nyosia. Kila mtaa hapa Milagro hushona Mzee Mwaka wake kwa nguo kuukuu na vumbi la mbao, ukamkalisha kitini barabarani, na siku ya mwisho ukamchoma. Kabla hajachomwa husomwa wosia wake, na kila nyumba huachiwa kitu, na kitu chenyewe ni kejeli. Mlevi huachiwa chupa ya maji ya baraka. Mmbeya huachiwa kufuli la mdomo. Colón aliandika nyosia za mitaa mitano, na namna yake ilikuwa moja: hakuna nyumba iliyosikia fungu lake kwa mara ya kwanza mbele za watu. Alizunguka mlango hadi mlango kabla ya Krismasi akawasomea, na aliyekunja uso alibadilishiwa. Nyumba yenye msiba haikuandikwa kabisa. Kila mtu alilijua hilo. Ukisikia nyumba imerukwa, unajua kuna mtu amezikwa humo mwaka huo, na unavua kofia.

Teófilo Cedeño alikuja Jumanne, siku ya pili ya novena. Alikuwa fundi wa kutengeneza maguta, na mikono yake ilikuwa na grisi mpaka viwikoni. Hakutaka kuketi.

"Nataka tangazo, Colón."

"La karakana? Bado hujachoka kuahidi bei nafuu?"

"La misa."

Colón aliweka kalamu chini. Teófilo akatazama nyuma, barabarani, kisha akasogea ndani na kurudisha mlango.

"Kuna mwanamke wa Quevedo amenipigia. Walivuka msitu pamoja wakielekea kaskazini, yeye na Holger wetu. Anasema mto ulijaa ghafla. Alimshika mkono, halafu hakumshika tena." Alisema haraka, kama mtu anayesoma namba ya simu. "Septemba. Alikuwa hana namba yetu. Sasa ameipata."

"Mungu wangu. Na mama yake, Lastenia?"

"Hajui. Wala hatajua mpaka sikukuu ya Wafalme ipite. Ndiyo maana nimekuja mapema. Niandikie, niliweke tangazo, tarehe saba litoke redioni. Tarehe sita usiku nitamwambia kwa mdomo wangu."

Ukuta kati ya sebule na jiko la Eufemia ni wa mianzi, na mianzi haizuii neno. Eufemia alitoka mikono ikiwa na unga wa mahindi. Holger alikuwa mwanawe wa ubatizo. Yeye ndiye aliyemshika juu ya maji, miaka ishirini na mitatu iliyopita, na mtoto akamkojolea gauni la kuazima.

"Tangu Septemba," alisema. "Tangu Septemba mtoto hana hata Salamu Maria moja."

"Femia, nakusihi."

"Jana tulikuwa kwa Eleuterio tunamwimbia Mtoto Yesu. Mama yake aliimba kuliko sisi wote. Anaimba ili mwanawe afike salama, Teófilo! Mtoto wa watu yuko chini ya mto bila mshumaa, hajafanyiwa siku tisa zake, na wewe unataka tungoje fataki ziishe?"

Teófilo aliitazama mikono yake. "Mimi ndiye niliyeuza guta nikampa nauli. Lastenia alikataa. Alilala pale mlangoni, sakafuni, ili mtoto asipite. Nikamwambia, inuka mwanamke, unamzibia mtoto riziki. Nikamwinua kwa mikono hii, mtoto akapita." Akasugua grisi viganjani. "Mama yake amemnunulia shati. Jeupe. Anasema akifika huko atatuma mtu aje alichukue. Nipeni sikukuu hizi tu. Sitaki kingine."

Akashika mlango kutaka kutoka, kisha akageuka.

"Na kwenye wosia umwandike, Colón. Kama kila mwaka. Usipomwandika atajua."

"Sijawahi kumwandika marehemu."

"Basi andika kama mtu asiyejua."

"Lakini umeshaniambia, bwana."

"Nimekukosea," alisema Teófilo. Kisha akamgeukia Eufemia, akamwita kama wazazi wamwitavyo mama wa ubatizo wa mtoto wao. "Komadre, niapie hutasema."

"Siapi," alisema Eufemia. "Sitamfuata kwake kumwambia. Hilo tu ndilo ninaloweza kukupa."

Siku mbili hizo Colón aliandika kila kitu isipokuwa hicho. Alimaliza hotuba ya waendesha guta, nao wakamrudishia kwa sababu mwenyekiti wao hakuona jina lake vya kutosha. Akaliongeza mara nne. Mwenye duka la viatu alimngojesha kwenye kigoda cha kujaribia viatu, mbele ya wateja, saa nzima, kisha akasema mwanawe ameshapata maneno mengine, lakini achukue soksi. Colón akachukua soksi. Nyumbani Eufemia hakuuliza. Alimwekea wali na dengu mezani, akaketi upande wa pili, akasali kimya, na Colón alijua anamsalia nani. Alikula akitazama sahani.

Alhamisi akaja don Eleuterio Macías, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, na mwavuli wake usiofunguka.

"Umefika wapi na Mzee wetu?"

"Nyumba kumi na nane tayari."

"Harakisha. Mpwa wangu ana simu, unaiambia tu, niandikie wosia, dakika moja umetoka. Na haiombi kahawa."

"Ikuandikie basi."

"Ilituandikia, bwana. Ikamwachia kila mtu amani na upendo. Utacheka nini hapo?" Eleuterio alijicheka mwenyewe, kisha akashusha sauti. "Sikiliza. Kamati imekaa. Nyumba ya Lastenia tuiruke. Kijana ni miezi minne hajulikani alipo. Watu hawatajua wacheke au walie, na pale nitakuwa nimekodi spika."

"Kuiruka ni kusema amekufa."

"Ni heshima tu."

"Wewe unajua heshima hiyo inavyosomeka."

"Najua. Lakini tuseme ukweli, Colón, wewe mwenyewe unadhani yuko wapi?"

Moyoni Colón aliona kama mtu amemtua mzigo kichwani. Kamati imeamua, yeye ni mkono tu. Eleuterio alipoondoka alimwambia Eufemia, karibu kwa furaha, kwamba jambo limekwisha, nyumba ile haitaandikwa.

"Kwa hiyo atakuja kujua mbele za watu wote," alisema Eufemia, "kwenye spika ya kukodi."

Furaha yake ikamtoka.

Maneno ya kamati yalifika dukani kwa Targelia kabla ya jioni, na kutoka kwa Targelia hakuna mbali. Ijumaa asubuhi Lastenia aliingia bila kubisha. Ni mwanamke mfupi, mpana, mwenye presha, anayetembea kama aliyetumwa jambo la haraka. Mkononi alikuwa na sahani ya hayaka, mikate ya mahindi yenye nyama, bado za moto ndani ya majani ya mgomba, akaibwaga mezani juu ya daftari.

"Nani amekufa kwangu?"

"Komadre, shikamoo kwanza," alisema Colón.

"Sikukuja kuamkiana. Eleuterio anasema nyumba yangu isitajwe. Nimemuuliza nani amekufa kwangu, amejifanya anafungua mwavuli. Sasa nakuuliza wewe. Mume wangu yupo, juzi kala samaki wawili. Mimi nipo, unaniona. Nani?"

"Hakuna aliyesema amekufa mtu."

"Wosia unasema! Asiyetajwa kazikwa. Uliiruka nyumba ya marehemu Obdulia, tukavua kofia. Ukairuka ya yule mtoto wa mwalimu. Mnataka watu wavue kofia wakipita kwangu?" Alivuta pumzi. "Mwandike. Mwaka jana ulimwachia kitana na nywele za kuchana, akanuna wiki nzima. Mwaka huu mwachie simu. Andika ni mvivu wa kupiga simu, mama yake anamngoja na ufagio. Mimi mwenyewe nakupa maneno, kazi yako iwe nini tena? Kupanga tu."

Alicheka, lakini macho yake hayakuwamo katika kicheko hicho. Kisha akamgeukia Eufemia, aliyesimama mlangoni mwa jiko.

"Komadre, mwambie mumeo. Mtoto ni wako pia."

"Nimemwambia mengi," alisema Eufemia.

"Mwambie na hili." Akatoka, akarudi. "Hayaka tatu ni za kuku, moja ya nguruwe. Ya nguruwe ni ya Colón, akiandika."

Walizitazama zile hayaka mpaka zikapoa.

"Utaandika?" aliuliza Eufemia.

"Mama yake ameomba. Baba yake ameomba."

"Mama yake hajui anachoomba. Baba yake anaogopa. Wewe unaogopa nini?"

"Unataka nikamwambie mimi? Mimi ni nani? Si padri, si ndugu. Huandika ninachoambiwa, Femia. Maisha yangu yote nimeandika ninachoambiwa."

"Si kweli. Umewaandikia wake barua nzuri kuliko walivyokuambia, na waume wengine wakarudi. Usijidogoshe leo kwa sababu leo ni vigumu."

Aliingia jikoni. Colón akafungua daftari. Alidhani angehangaika nalo siku tatu, lakini fungu lilimjia kwa mkupuo mmoja, bila kufuta neno:

Holger ninampa simu,
na vidole vi timamu,
atume japo salamu.
Akikaidi, hukumu:
fimbo za mama, kwa zamu,
na ufagio mgumu.

Akalisoma tena. Lilikuwa zuri kuliko yote ya mwaka huo, na aliona aibu kwamba amelijua hilo upesi hivyo. Hakuigusa hayaka ya nguruwe.

Jumatatu tarehe ishirini na tatu ndiyo ilikuwa siku ya kusomea watu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na barabara imekuwa tope tupu. Colón alivaa viatu vya mpira akaanza mwisho wa mtaa. Mlevi aliomba maji ya baraka yabadilishwe yawe bia ya baraka. Targelia alisikiliza mizani yake ya mwaka, akacheka, akafuta machozi kwa aproni, na alipomaliza akauliza polepole, "Na kule?"

"Kule wameandikwa."

"Ah, afadhali," alisema Targelia. Akajifanyia ishara ya msalaba. "Afadhali, Mungu ni mwema. Kumbe una habari."

Colón aliondoka pale. Nyumba zilizobaki alizisomea vibaya, na watu wakadhani ana homa. Alipofika pembeni mwa nyumba ya Lastenia aliona shati jeupe limening'inia dirishani kwenye kiango cha nguo, limepigwa pasi. Akapita. Akajiambia atarudi baada ya chakula. Alikuwa hajavua viatu vya mpira Lastenia alipoingia.

"Umeniruka!"

"Nilikuwa narudi, komadre."

"Nimekuona kwa macho yangu ukipita kama mdaiwa. Haya, soma. Soma kwa sauti yake, ya Mzee Mwaka, siyo hiyo ya kuombea mkopo."

Eufemia alikuwa anachambua dengu kwenye ungo. Mikono yake ikasimama.

Colón alisoma. Ilikuwa kazi yake, na sauti ya Mzee Mwaka, ya puani, yenye kikohozi katikati, alikuwa ameitumia muda mrefu kiasi kwamba ilitoka yenyewe. Alipofika kwenye ufagio Lastenia aliangua kicheko. Safari hii kilikuwa kicheko cha kweli. Alishika nguzo ya mlango, akainama, akapiga paja, akasema, "Kwa zamu! Eti kwa zamu! Ataninunia huyo mpaka Pasaka," na kwa muda alikuwa yule Lastenia wa kabla ya Agosti, aliyekuwa akisikika akicheka kutoka upande wa pili wa reli.

Kisha akatulia, akajipangusa uso kwa kiganja.

"Asante, Colón. Hujui umenifanyia nini." Akaketi ukingoni mwa meza, akaongea taratibu. "Teófilo halali. Anaingia bafuni, anafungulia maji, analia, anadhani sisikii. Haniambii kitu. Nami nimeanza kuogopa vibaya. Nikajisemea, Colón anaandika barua za mji mzima, anajua mambo. Na Colón hajawahi kumwandika marehemu, tangu nimeolewa hapa. Akimruka mwanangu, basi nitajua, nitavaa nyeusi. Akimwandika, yu hai, na Teófilo ni mwoga tu kama wanaume wote." Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo karatasi. Nikamwonyeshe. Nimwambie tazama, mume wangu, Colón ameandika, kula chakula."

Colón alikuwa ameishika karatasi kwa vidole viwili. Lastenia akaishika upande wa pili. Akavuta kidogo, kama mtu avutavyo kitu anachopewa. Haikuja.

"Nipe, bwana."

Alitaka kuiachia. Alivisikia vidole vyake vikikataa, na hakuvilazimisha.

Lastenia alicheka tena, kidogo. "Unataka kulipwa? Hayaka hazikutosha?" Akavuta. Karatasi haikuja. Akamtazama Colón usoni, naye Colón akaangalia chini, penye viatu vyake vya mpira na tope lililokuwa likikauka sakafuni. Lastenia akageuza kichwa polepole kumtafuta Eufemia.

Eufemia alikuwa ameweka ungo chini. Alikuwa amechukua kiti, kile kizuri, cha wageni, akakipangusa kwa pindo la gauni, akakileta mpaka alipokuwa komadre wake, akakiweka nyuma ya miguu yake.

"Keti, Lastenia," alisema. "Keti, mama yangu."

Nje guta lilipita, kengele yake ikalia mara mbili, mtu akaitikia salamu. Lastenia alikitazama kiti. Alikitazama kwa muda mrefu, mgongo wake mpana umesimama wima, mkono wake ungali kwenye karatasi. Kisha akaiachia. Akafunga vizuri kitambaa chake kichwani, fundo mara mbili, akazunguka kile kiti bila kukigusa, akatoka.